Sikusaidia Tu, Nilifundisha

Kila asubuhi Kamariah ndiye anayefungua shule ya chekechea ya Haji Ruslan, katika mji wa Pasir Mas, Malaysia. Watoto wanashushwa kwenye pikipiki, mikoba yao mikubwa kuliko migongo. Kamariah anawavua viatu, anawafuta kamasi, anambembeleza anayelia. Kisha anafundisha. Kazi hiyo ameifanya miaka kumi na tisa, lakini mpaka leo cheo chake ni msaidizi.

Asubuhi moja Haji Ruslan alikuja na msichana mwembamba, amejitanda hijabu ya rangi ya waridi.

"Huyu ni Mwalimu Syafiqah," alisema. "Katoka chuo kikuu juzi tu. Ndiye mwalimu mkuu wetu mpya. Dada Kamariah, mwelekeze kazi, maana wewe unaijua."

Kamariah alitabasamu, kama inavyompasa mwanamke mwenye adabu. Moyoni alikuwa anachemka. Huyu alikuwa mwalimu mkuu wa tatu! Wote wanakuja hawajui hata pa kuanzia. Kamariah anawafundisha kazi, na wakishaijua wanakuwa wakubwa wake. Alimfuata Haji mpaka nje.

"Haji, na mimi je? Mbona siwi mwalimu mkuu?"

"Huna digrii, dada. Nenda kasome kwanza." Haji alicheka. "Ila kwa umri huo, darasani watadhani umemleta mjukuu!"

Kamariah aliomba ruhusa ya siku moja, akapanda basi mpaka mji mkubwa wa Kota Bharu, akaenda kwenye chuo kikuu kimoja. Alisimama foleni mpaka akafika dirishani.

"Una stashahada?" karani aliuliza.

"Sina."

"Kidato cha sita?"

"Niliishia cha tano. Lakini nimefundisha miaka mingi..."

"Basi haiwezekani, mama. Anayefuata!"

Hakumtazama hata usoni. Hakumwambia kwamba kuna njia nyingine. Na njia ilikuwepo! Mtu anawekwa pale awaelekeze watu, naye anawafukuza kama kuku waliovamia mpunga ulioanikwa. Kamariah alirudi nyumbani amenuna.

Mumewe, Zukri, alikuwa anachoma samaki uani. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kamuulize Rohana," alisema. "Si anafanya kazi kituo cha elimu ya watu wazima?"

"Naona haya, Baba Idham."

"Haya ya nini? Umeiba samaki wa mtu?"

Rohana alikaa nyumba ya tatu kutoka kwao. Aliposikia habari ya yule karani, alipiga meza kwa kiganja.

"Amekudanganya! Kidato cha sita ni njia ya vijana wanaotoka shule. Mtu mzima anayo njia yake. Hapa Malaysia inaitwa APEL. Kazi uliyoifanya inapimwa, kwa sababu kazini mtu anajifunza."

"Masharti yake ni yapi?"

"Uwe umetimiza miaka ishirini na moja. Wewe una arobaini na nne, umevuka zamani. Uwe na uzoefu wa kazi inayolingana na masomo unayoyataka. Unataka kusomea malezi ya watoto wadogo, na ndiyo kazi yako. Halafu mambo mawili. Unafanya mtihani wa kupima uwezo: lugha, hesabu na kufikiri. Na unaandaa jalada la kueleza ulichojifunza kazini. Kila unalosema liwe na ushahidi: barua, vyeti vya mafunzo, picha za kazi yako."

"Nikifaulu nimeingia chuo?"

"Ukifaulu unapata cheti cha kuombea nafasi chuoni. Chuo ndicho kinachokupokea. Uliza mapema kozi gani inakikubali, na ada ni kiasi gani. Usingoje kuambiwa."

Kamariah aliandika jioni baada ya jioni. Jalada lilipokwisha, alimpelekea Rohana. Rohana alisoma, uso ukabadilika.

"Dada, hili hatulipeleki."

"Kwa nini? Nimesema uongo?"

"Ndiyo, umesema uongo! Sikiliza: 'Nilisaidia kidogo kuandaa masomo.' 'Tulifundisha pamoja.' 'Nilikuwepo tu watoto walipojifunza kusoma.' Nani aliyewafundisha, dada? Ukuta?"

"Nitaandikaje mimi, mimi, mimi? Watu wataniona najisifu. Mama yangu hakunilea hivyo."

"Basi kweli wewe ni msaidizi tu. Haji hajakosea."

Kamariah aliruka kutoka kitini.

"Nani msaidizi? Nani aliyemfundisha mtoto wa Zaiton kuzungumza, naye alikuja hatamki neno? Mimi! Nani aliyegundua kwamba Hakimi si mjinga, ila hasikii sikio moja? Mimi! Nikamhamishia mbele, nikamwambia mama yake ampeleke hospitali. Nyimbo za kuhesabu wanazoimba mpaka leo, nani aliyezitunga? Ni mimi, Rohana! Mimi!"

Rohana alimsukumia kalamu.

"Umemaliza? Sasa andika hayo hayo. Yule anayepima hakujui. Atajuaje kazi yako kama unaificha? Huku si kujisifu. Unatoa ushahidi."

Kamariah aliandika upya, na hasira ilimsaidia kuliko adabu. Mama Hakimi alitoa barua yake bila kuombwa mara mbili. Syafiqah naye, aliposikia, aliandika ya kwake. "Kila ninachokijua kuhusu kazi hii nilifundishwa na Dada Kamariah," aliandika. Pia alimfundisha Kiingereza cha mtihani, watoto wakishakwenda nyumbani. Hesabu aliulizwa na Zukri wakati wa kula, na akikosea aliongezewa pilipili.

Mtihani ulimtoa jasho, lakini alifaulu. Jalada nalo lilipita. Aliomba nafasi katika chuo chenye masomo ya siku za mapumziko, kwa watu wanaofanya kazi. Wakampokea.

Mwishoni mwa mwaka shule ilifanya sherehe. Wazazi walijaa. Kamariah alikuwa anapitisha sinia la vitafunio. Haji Ruslan alishika kipaza sauti.

"Shule yetu inajivunia," alisema. "Sisi ndio tuliomsukuma Dada Kamariah kuingia chuo kikuu. Tumemsaidia sana!"

Watu walipiga makofi. Katika mji ule, Haji akisema mbele za watu, hakuna anayembishia. Kamariah aliweka sinia mezani.

"Samahani, Haji. Hukunisaidia. Ulinicheka. Nimeingia kwa kazi yangu ya miaka kumi na tisa, nanyi mmeniita msaidizi miaka yote hiyo."

Zukri alikohoa kuzuia kicheko. Kisha Limah, mpishi wa shule, alijitokeza mlangoni, mikono imejaa unga.

"Dada, mimi pia niliishia kidato cha tano. Nimepika miaka kumi na mitano. Hiyo njia hata mimi naiweza?"

"Hata wewe. Una umri, una kazi. Njoo ukae hapa nikueleze."

Limah alivuta kiti. Mama mmoja akavuta chake, na mwingine, na mwingine. Haji alibaki ameshika kipaza sauti, na hakuna aliyekuwa anamtazama.