Salamu Isiyo na Bismillahi

Harufu ya karafumaiti ilianzia sebuleni, na humo hamkuwa na maiti. Fairuz alifungua madirisha yote ya nyumba yao ya Mishomoroni, harufu ikabaki.

Alijua alilolitenda. Marehemu mumewe, Zaid, alikuwa ameijenga mwenyewe, kutoka kwenye msimbo chanzo, mstari kwa mstari, programu ya kompyuta iliyohifadhi salamu za sauti alizompelekea mamake kila magharibi akiwa kazini Kipevu. Bi Barke, mama huyo, alikuwa kipofu; baada ya mazishi, salamu zile, zikichezwa kila magharibi, ndizo zilizokuwa mwanawe. Utaratibu wa kuibadilisha Zaid alimfunza mkewe: nakili sauti pembeni kwanza, jenga toleo jipya kando ya la zamani, lijaribu, ndipo ulizime la zamani, wala usilifute mpaka jipya litulie. "Hata wazee hawabomoi nyumba kabla ya kufukiza udi kwenye mpya," alimwambia.

Lakini haraka haraka haina baraka. Siku ya kuibadilisha programu kompyuta ilikuwa imejaa, Fairuz akafuta la zamani apate nafasi kabla ya kunakili sauti, nazo zote zikaenda nalo. Jipya likagoma kujengeka. Alilia mpaka macho yakamvimba, na hakuthubutu kumwambia mkwewe.

Magharibi ile, waya wa kompyuta ukiwa umechomolewa, sauti ya Zaid ilisema polepole, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," Bi Barke aliitika, uso umemkunjuka.

Fairuz alisikia kasoro. Zaid hakuwahi kuanza salamu bila Bismillahi, na sauti hii haikuitamka, si jioni ile wala zilizofuata, ikawa kila jioni inasogea, kutoka kwenye kona ya sebule, ukumbini, hadi ukingoni mwa kitanda cha mama, na ile harufu ya karafumaiti ikisogea nayo.

Fairuz alimwita Maalim Khamis, mtoa majini wa mtaani, akaja na chetezo chake cha ubani.

"Huyu si Zaid, binti yangu," alinong'ona mlangoni. "Nikimsomea ataondoka."

"Na mama nimwachie nini, maalim?"



"Fairuz!" Bi Barke aliita kutoka ndani. "Mwambie mgeni angoje. Mwanangu yuwanisemesha."

Fairuz alishafuta mara moja bila kuwa na cha kuweka mahali pake. Hakuwa na moyo wa kufuta tena.

"Niwie radhi, maalim," alisema huku machozi yakimdondoka, akafunga mlango.

"Ahsante," sauti ya mumewe ilisema nyuma ya shingo yake. "Sasa iteremshe ile Ayatul Kursi ukutani."

"Fanya atakavyo mwenzio," alisema Bi Barke, akicheka kwa raha.

Fairuz akavuta kiti chini ya aya hiyo iliyoilinda nyumba, akapanda.