Jambia Langu Lilienda Kuoa, Mimi Nikabaki Nyumbani

Nilikuwa natazama harusi yangu kwenye simu.

Ndiyo, yangu! Bwana harusi mimi, nimejikalia chumbani na sahani ya wali na tempe, vipande vya soya vya kukaanga, mapajani, natazama laivu anayorusha binamu yangu kama watu wengine wote.

"Jamani bwana harusi yuko wapi???" mmoja akaandika.

"Si huyo hapo kwenye mto," mwingine akamjibu, akamwaga vicheko.

Kwenye mto wa hariri, pembeni ya bibi harusi, palikuwa na jambia langu la ukoo. Sisi tunaliita keris. Keris ndiyo iliyokuwa inaoa.

Na mtu aliyeishika, aliyekaa pale nilipotakiwa kukaa mimi… alikuwa Wignyo.

Wignyo ndiye mwanaume ninayempenda.

Sikulia, wadau. Nilitafuna tempe.

Najua mtaniuliza imekuwaje, basi sikilizeni.

Mimi naitwa Wira, mtoto pekee wa mfalme. Msikurupuke! Ni ufalme mdogo wa huku Java, serikali imetuachia jumba linalovuja na ngoma za sherehe. Lakini watu bado wanapiga magoti tukipita, na baba yangu bado anaamini magoti hayo yana maana.

Kwetu mwana mfalme haendi kuoa kwenye nyumba ya mtu wa kawaida. Anatuma keris yake. Keris ndiyo mwili wake. Ikikaa pembeni ya bibi harusi, amekaa yeye. Ikirudi salama, mke ni wake. Na bibi harusi wangu, Ambar, baba yake ni mwenye viwanda vya batiki. Mali tele, ila damu ya kawaida. Kwa hiyo, keris.

Nilipoambiwa, nilishukuru moyoni. Nikasema afadhali, hata kuwepo sitakuwepo.

Sasa Wignyo. Yeye alikuwa mtunza silaha za ukoo. Kila mwaka mwezi wetu mtakatifu wa Suro ukifika alizitoa zote, akaziosha kwa ndimu, akazipaka mafuta. Mikono yake ilinukia ndimu mwaka mzima. Mbele za watu aliniita Ndoro, yaani bwana mkubwa, macho chini. Tukiwa wawili…

"We Wira, kilemba gani hicho umevaa? Unafanana na jogoo aliyelowa!"

Nilimpenda kwa hilo. Nyumba nzima ile, ni yeye peke yake aliyenicheka.

Baba alijua habari zetu. Hakufoka, na afadhali angefoka.

"Wira."

"Naam, Baba."

"Nikifa, hapa atakaa nani?"

"Mimi."

"Na baada yako?"

Nikayatazama magoti yake.

"Mimi sikuulizi unampenda nani, hayo ni yako. Nakuuliza, baada yako ni nani?"

Nikainama, nikambusu goti, nikatoka. Wiki hiyohiyo posa ikapelekwa.

Nilimkuta Wignyo kwenye chumba cha silaha, anasuka maua ya yasmini ya kutundika kwenye keris yangu. Maua ya harusi yangu, jamani. Anayasuka yeye.

"Kuna meli ya kwenda kisiwa cha Kalimantan," akasema bila kuniangalia. "Inatoka bandari ya Semarang Jumamosi jioni. Siku ileile ya harusi."

"Ya nini?"

"Dada yangu ana genge la chakula hukohuko, mjini Banjarmasin. Twende tukauze wali."

"Mimi hata yai sijui kukaanga."

"Utaosha vyombo. Mwana mfalme wa masufuria!"

Tulicheka. Kisha yeye akaacha kucheka.

"Wira, sitaki hotuba. Sema neno moja tu. Sema twende."

Akatunga ua jingine.

"Basi sema baki. Hata hilo litanitosha. Nitakaa hapa nizeeke nikikuita Ndoro. Ila uniambie wewe kwa mdomo wako."

Nilifanya nini? Nilirekebisha kilemba.

Wallahi ndicho nilichofanya. Moyo ulikuwa umekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Unaugusa na hausikii kitu.

Akakata uzi kwa meno. "Sawa, Ndoro," akasema.

Tulikuwa wawili tu mle ndani, lakini aliniita Ndoro.

Kesho yake shangazi yangu mkubwa, Bude Tinuk, akaingia mbiombio na mdomo umejaa habari.

"Umesikia? Wignyo kaomba mwenyewe kubeba keris yako!"

"Kaomba?"

"Kapiga magoti mbele ya baba yako! Baba yako alivyofurahi sasa! Kijana ana adabu yule, hata wivu hana… eeh, namaanisha, hana makuu."

Kumbe hata shangazi alijua. Jumba zima lilijua.

Na mtu wangu alikuwa ameomba, kwa hiari yake, kwenda kunioza kwa mikono yake. Nikasema huyu kaamua kunikomoa. Nikasema sawa, nimestahili. Nikaomba chai.

Basi turudi kwenye laivu.

Kadhi alipofika kwenye kauli, Wignyo alijibu kwa niaba yangu. "Nimekubali." Sauti haikutetemeka hata kidogo.

"Huyo mshika kisu ana mke? Naulizia rafiki," mtu akaandika.

Halafu nikaona kitu. Muda mfupi kabla ya kauli ile, wakati watu wanahangaika na kipaza sauti, Wignyo alikuwa amemwinamia Ambar akamnong'oneza. Ambar akageuka, akaitazama keris kwa muda. Kisha akatazama mbele, uso mkavu.

Nilirudisha nyuma nikaangalia tena. Sikuelewa. Nikaramba vidole nikaenda kuvaa.

Walirudi alasiri, mvua inanyesha. Wignyo akapiga magoti mlangoni, akaniinulia keris kwa mikono miwili. Yasmini na ndimu vikanipanda puani.

"Nimefikisha, Ndoro."

"Asante."

Hakuinua uso. Akarudi kinyumenyume, kama adabu inavyotaka, hadi mvua ikamficha.

Sasa, desturi yetu ina jambo la mwisho. Bwana na bibi harusi wanaingia chumba cha ndani wakiwa wawili tu. Bwana anachomoa keris, anaikagua, kisha anawatangazia walio nje kwamba imerudi. Bila tangazo hilo hakuna ndoa, hata kadhi angesema nini.

Nikashika mpini, nikachomoa…

Chuma kilikuwa kimenyooka.

Keris yangu imepindapinda kama nyoka anayetembea! Hii ilikuwa imenyooka, fupi, ina pengo dogo karibu na ncha. Ala yangu, mpini wangu, maua yangu. Chuma si changu.

Nilikijua chuma kile. Kilikuwa cha babu yake Wignyo, kilining'inia juu ya kitanda chake miaka yote.

Kwa hiyo yangu anayo yeye, na yuko njiani kwenda Semarang.

"Keris imerudi?" Sauti ya Baba, nje ya mlango.

Nikamwangalia Ambar. Hakushtuka.

"Unajua?" nikamuuliza kwa kunong'ona.

"Aliniambia pale kwenye mto. Kasema, 'Bibie, keris hii si ya Ndoro. Ukitaka kupiga kelele, piga sasa hivi, atakayekamatwa ni mimi. Ukinyamaza, ujue unayemsubiri hayupo hapa.'"

"Mbona ulinyamaza?"

"Mama alikuwa analia kwa furaha. Na wewe, yeye hakukuuliza?"

"Aliniuliza."

"Ukajibuje?"

Nikapeleka mkono kwenye kilemba.

"Wira! Keris imerudi?" Baba tena.

Hapo ndipo palipokuwa na mlango wangu, wadau. Nikisema haijarudi, ndoa hakuna, niko huru. Lakini watapiga simu bandarini kabla meli haijang'oa nanga, na Wignyo atakamatwa kama mwizi wa urithi wa ufalme. Nikisema imerudi, anafika salama. Na mimi nimefungwa maisha.

"Imerudi, Baba."

Ngoma zikalia. Vigelegele! Bude Tinuk nilimsikia juu ya wote.

Ambar akakaa kitandani, akavua vipini vya nywele kimoja kimoja.

"Hebu nielewe," akasema. "Kwa kadhi mimi ni mke wako."

"Ndiyo."

"Lakini kwa desturi yenu, anayekaa pale kwenye mto ndiye mume. Na pale ilikaa keris ya Wignyo."

"Ndiyo."

"Na yako, kaondoka nayo yeye."

"Ndiyo."

Akanitazama, halafu akaanza kucheka. Alicheka hadi wanja ukamchuruzika.

"Basi mwenzangu, sote wawili tumeolewa na mwanaume mmoja. Na ametuacha siku ya harusi!"

Sasa hivi naiandika hii nikiwa nimevaa kwa ajili ya sherehe nyingine ya ufalme. Chuma cha Wignyo kiko kiunoni kwangu, upande wa mgongoni, kama kila siku ya sherehe. Watu wanakipigia magoti. Hawajui ni cha mtunza silaha.

Nimejifunza hivi. Aliyenipenda aliniomba neno moja nikamnyima. Baba akaniomba neno moja nikampa. Neno usipolitoa kwa mwenyewe, litakuja kutolewa kwa mwingine, na utalilipia wewe. Ukiulizwa na mtu wako, jibu. Hata kama ni hapana, jibu.

Ambar ananiita. Anasema kilemba kimekaa vibaya.