Kifungo cha Shati la Samawati

Asubuhi ile langoni pa kiwanda cha mashati watu walibanana kama njugu ndani ya ganda, kila mmoja akiwahi king'ora. Mkoba wa binti mmoja ukanasa shati la samawati la kijana aliyekuwa nyuma yake, kifungo cha pili kikadondoka. Binti alikuwa mshona vifungo, na sindano haikosi ukosini mwake. Akakiokota, akakishona papo hapo, kijana kasimama wima kama anayepimwa koti.

"Umenishona mpaka moyo," kijana akasema.

"Angalia usije ukafumuka."

Wiki nzima wakapigiana simu. Kijana akamwita Sindano yangu, akamwuliza anashona mashati mangapi kwa saa, na nani mwepesi zaidi kazini kwao. Binti, kwa mapenzi, akasema yote.

Jumatatu kijana akaingia chumba cha vifungo, saa mkononi, karatasi kwapani. Msimamizi, mama asiyecheka na mtu, akatangaza kwamba wateja wamepungua. Ili kiwanda kisifungwe, viti sitini vitabaki arobaini, na huyu ndiye mpimaji wa kasi.

Shangazi wa binti, aliyeketi kiti cha pili, akamnong'oneza, "Mwanangu, paka hajisugui miguuni bure."

Binti akayakumbuka yale maswali, moyo ukaingia baridi. Kiti kile ndicho kilichomlisha mama yake na wadogo zake. Kijana aliposimama nyuma yake, uzi ukakataa kuingia tunduni. Simu zake akaacha kupokea.

Ijumaa orodha ya watakaobaki ikabandikwa. Jina lake lilikuwemo, na wenzake wakamtazama kwa pembe ya jicho. Akamngoja kijana langoni.

"Umeniandika kwa huruma?"

"Sikukuandika kabisa."

Kijana akaeleza kwamba Jumanne alimwendea msimamizi, akakiri kuwa anampenda binti na hawezi kumpima kwa haki. Msimamizi mwenyewe akampima, kupitia dirisha la chumba cha pasi, na kijana akahamishiwa ghalani.

"Na yale maswali?"

"Nilitaka kujua kama utabaki kazini. Niliogopa kukwambia kazi yangu. Hapo nimekosa."

Binti akarudi ndani, akaisoma karatasi ya kipimo chake: sahihi ilikuwa ya yule mama, asiyemhurumia hata mwanawe.

Alipotoka, kijana bado yupo, kifungo kiganjani. "Kimelegea tena, Sindano."

Binti akautazama uzi uliobaki kifuani pa kijana. Ncha zilikuwa sawasawa, kama zilizokatwa kwa wembe.

"Uzi wangu haulegei. Umekikata."

"Nimekikata," kijana akakubali. "Ningekukaribiaje?"

Binti akachomoa sindano ukosini. "Simama wima. Safari hii maswali nauliza mimi."