Bamia za Wifi Wahida

Sikuzani na wifi yake Wahida walilima mboga kijijini Zinga. Bustani zao zilipakana, na kisima chao kilikuwa kimoja.

Mwaka huo mvua za vuli zilichelewa. Bamia za Sikuzani zilinyauka. Za Wahida zilistawi.

Jioni moja Pazi, mume wa Sikuzani, alichovya tonge kwenye mchuzi.

"Bamia za dada yangu hizi," alisema. "Tamu kweli!"

Sikuzani hakula tena. Aliona wivu. "Wahida anamaliza maji yote," aliwaza. "Sasa na mimi atanijua."

Kesho yake aliwasha pampu ya kisima mchana, jua likiwaka. Akamwaga maji mpaka yakatiririka njiani. Akawa anafanya hivyo kila siku. Bamia zake zikazidi kunyauka. Mwishowe maji ya kisima yakawa na chumvi.

Alimwendea Wahida amefura. "Umekifanya nini kisima?"

Wahida aliyaonja maji, akatema.

"Wifi, hapa bahari ipo karibu. Chini ya maji matamu kuna maji ya chumvi. Tukivuta mno, ya chumvi yanapanda. Mimi navuta kidogo tu, alfajiri."

"Mbona bamia zako zinastawi?" Sikuzani aliuliza. "Kaka yako anakusifia wewe tu. Nakuonea wivu, wifi."

Wahida alimshika mkono, wakaingia bustanini. Alifunua nyasi kavu alizotandaza kwenye tuta.

"Tia kidole."

Udongo ulikuwa na unyevu.

"Nyasi zinauzuia udongo usikauke," alisema Wahida. "Na mpira huu wa maji una vitundu. Maji yanadondokea shinani tu. Bwana shamba Seleman ndiye aliyenifundisha. Nikikuta unyevu, simwagilii."

Wakaacha kutumia pampu ile kwa muda. Mvua iliponyesha, maji yakaanza kurudia utamu wake. Bamia za Sikuzani zilikuwa zimekufa. Akapanda upya, akatandaza nyasi, akalaza mpira wa matone, akawa anavuta maji kidogo tu, alfajiri.

Ramadhani iliingia katikati ya kiangazi. Mboga zilikuwa adimu mpaka kijiji jirani cha Kerege. Sikuzani alivuna bamia za futari, nyingine akauza.

Wahida alichungulia juu ya ua.

"Wifi, zako zimenipita! Leo naona wivu mimi."

Sikuzani alicheka mpaka akaketi chini.