Kiredio Kinachosubiri Fundo

Huko Ravar, mji mdogo wa mkoa wa Kerman, Mahrokh alifuma mazulia pamoja na mama mkwe wake, Bibi Sanam. Mahrokh alifunga mafundo. Bibi Sanam alikaa kando akiimba mchoro, rangi moja baada ya nyingine: "Nyekundu mbili, samawati moja, ruka moja." Kila alipomaliza kufunga, Mahrokh aliitikia, "Nimefunga." Sauti ya Bibi ilikuwa tamu hata mbuzi wa jirani waliacha kutafuna, wakangoja rangi inayofuata.

Baridi ilipoingia, kifua kilimbana Bibi. Daktari akamkataza kuimba kutwa.

"Basi zulia litabaki nusu," alisema Bibi.

"Libaki, mama. Mimi nakutaka wewe."

Lakini zulia lile ndilo lililowalisha. Mahrokh akaona afadhali anunue kiredio cha bei nafuu, kile cha kurekodi sauti na kuicheza. Akaenda sokoni na jirani yake Akram, mwanamke ambaye zamani alikuwa fundi wa redio.

"Chukua hiki, dada," alisema muuzaji. "Kinabeba nyimbo elfu kumi. Kinawaka taa za rangi."

Mahrokh akafungua mkoba.

"Funga mkoba, shoga," alisema Akram. "Unakwenda kufuma au unakwenda harusini?"

"Si ni rahisi?"

"Urahisi si kosa. Kwanza jua utakitumia kwa kazi gani. Halafu kijaribu hapa hapa, kabla hujalipa."

Akram akarekodi maneno, akayacheza. Akakizima katikati, akakiwasha tena. Kikaanza tena tangu mwanzo.

"Umeona? Ukienda kutazama chungu jikoni, kinakurudisha kwenye pindo, pale zulia linapoanzia. Utafuma zulia la pindo tupu, kutoka hapa mpaka Kerman."

Muuzaji mwenyewe akacheka. Akatoa kingine, cheusi, hakina urembo. Hiki kiliendelea pale pale kilipoachwa. Vitufe vyake vilikuwa vikubwa, unabonyeza bila kutazama. Betri yake ilitoka, ikichoka unaweka nyingine. Sauti ilisikika safi.

"Hiki kinafaa," alisema Akram. "Na risiti utupe, kaka. Kikiharibika kesho tusije kubishana."

Nyumbani, Bibi alirekodi kidogo kidogo kila asubuhi, kisha akanywa chai na kulala.

"Nimeharibu," alilalamika. "Naimba, natafuta pumzi, naimba. Huo nao ni wimbo?"

Mahrokh akakiwasha. "Nyekundu mbili," ikasema sauti. Kisha ikasikika pumzi ya Bibi tu, ikipanda na kushuka. Mahrokh akafunga. "Nimefunga," akaitikia. Hapo hapo sauti ikaendelea, "Samawati moja."

"Mama, kinanisubiri."

"Ni mimi huyo," alijibu Bibi kutoka kitandani. "Nimekuacha nyuma lini?"

Zulia likapanda safu kwa safu. Kifua cha Bibi kikapata nafuu, ingawa mdomo haukutulia.

"Huyo mwanamke amechelewesha kijani," alinung'unika siku moja chini ya blanketi, akikisikiliza kiredio.

"Usimseme mama yangu," alisema Mahrokh, akafunga fundo.