Nafasi Chini ya Kifuniko

Peterson alikwenda Soko Mugdi kununua kandambili, na wala hakuwa na haja ya kuzivaa. Alitaka mpira wake tu. Alichagua za bluu, akazibonyeza kwa dole gumba, akalipa, akarudi nyumbani mbiombio. Jua lilikuwa limeanza kuwa jekundu upande wa daraja la Tana.

Haraka yote hiyo ilikuwa ya Kananu. Mkewe alikuwa amekwisha kufungasha sanduku. Joto la Garissa lilikuwa limemshinda, na upweke wa jioni ulimshinda zaidi. Jumamosi angepanda basi kwenda kwao Meru, na alipoulizwa atarudi lini alitazama pembeni. Peterson, mwalimu wa useremala, mwenye maneno machache na kiburi cha kutosha watu wawili, hakujua kubembeleza. Alichojua ni kutengeneza vitu. Na sebuleni mwa nyumba waliyopanga kulikuwa na piano kuukuu, ambayo kifuniko chake hakikuwahi kufunguka tangu wahamie. Kananu alikuwa akipiga piano kanisani enzi za usichana wake. Basi moyo wa Peterson ukamwambia: mfungulie, atabaki.

Mama Batula, mwenye nyumba, alikuwa kibarazani kwake akipuliza makaa ya uunsi, ubani wa Kisomali. Aliona bisibisi mkononi mwa mpangaji wake, akaacha kupuliza.

“Walaal, ndugu yangu Beterson,” alisema kwa lafudhi yake ya Kisomali, p ikigeuka b. “Unafungua ile kitu?”

“Ndiyo, Mama. Nataka kumfurahisha Kananu.”

“Mzee wangu Daud, Allah amrehemu, alifunga hiyo na Bismillahi.” Sauti ilishuka. “Kama ni lazima, fungua mchana. Mbaka adhana ya magharibi iwe imefungwa, na jina ya Mungu. Na usiache nafasi, walaal. Hata ya ukucha.”

“Kwa nini?”

“Kitu imefungwa na jina ya Mungu, wale wasioonekana hawawezi kufungua. Lakini mwenyewe ukiacha nafasi... ni kama umesema karibu.”

Peterson alitabasamu kwa adabu, akaingia ndani. Sikio la kufa halisikii dawa.

Alipiga magoti mbele ya piano, akacheka peke yake. Huyu mzee Daud alikuwa fundi gani? Kama Peterson alivyoshuku, alikuwa ameng'oa vipande vya mpira vinavyokizuia kifuniko kugonga mbao, kisha akakishindilia mbao juu ya mbao, kikakaza mfano wa kizibo. Peterson alifungua skrubu za bawaba, akainua kifuniko huku na huku mpaka pini zikatoka kwenye matundu yake, akakilaza juu ya godoro.

Harufu ilimpiga. Ubani uliozimwa kwa maji.

Vibao vya piano vilikuwa vimefunikwa na vumbi. Vyote, isipokuwa vya mwisho upande wa kushoto. Hivyo vilikuwa safi, vinang'aa... kama vinavyoguswa kila siku.

Panya, alijiambia. Akapangusa.

Alikirudisha kifuniko taratibu. Pini ndani ya matundu, skrubu zikazwe nusu kwanza, kisha kipande cha kadi kipitishwe kulia na kushoto kupima kama pande zote ziko sawa. Upande wa kushoto ulikuwa juu kidogo. Akausukuma, akapima tena, akakaza. Mwisho akakata vidonge viwili vya mpira kutoka kwenye kandambili, akavigundisha kwenye pembe, kifuniko kikifungwa kisigonge mbao. Kikafungika kwa ulaini, kikaacha nafasi nyembamba iliyonyooka tangu mwanzo hadi mwisho. Kila fundi wa kweli huacha nafasi hiyo. Alijipongeza.

Adhana ya magharibi ikaanza. Bismillahi hakusema, na hata sala ya kwao hakuikumbuka.

Kananu alipoingia akakuta kifuniko kimeinuliwa kumngoja, machozi yalimtoka. “Wewe mtu! Na ulikuwa umenyamaza tu?” Alimkumbatia, akavuta kiti, akaanza wimbo wa zamani wa kanisani. Peterson alikwenda jikoni kutia chai, moyo umemjaa raha. Alimsikia mkewe akicheka. Alisikia wimbo ukinenepa, sauti nzito za chini zikijibu zile nyembamba za juu, vizuri, vizuri mno...

Alichungulia.

Mikono yote miwili ya Kananu ilikuwa upande wa kulia.

Upande wa kushoto vibao vilikuwa vikizama vyenyewe.

Alimvuta mkewe, akashusha kifuniko. Kulia kilitua. Kushoto kilibaki juu, upana wa kidole. Akakandamiza. Kikabonyea polepole, kisha kikamrudishia mkono. Mbao hazibonyei hivyo.

Mama Batula alikuwa amefika mlangoni. Hakuvuka kizingiti. “Arbia, mbangaji wa zamani, alikuwa anakaa hapa,” alinong'ona. “Alikuwa anacheza hiyo kitu mbaka giza. Siku moja akabata mwenzake. Bwana yake akambeleka kwao, Hadado. Mbaka leo fidole yake inacheza juu ya blanketi.”

“Mwenzake ni nani?”

“Sijui. Daud alijua. Hakuniambia, wallahi. Toa hiyo mbira. Funga!”

Peterson alichukua kisu. Kananu alimshika kifundo cha mkono, kwa upole kabisa.

“Usifunge, Peter,” alisema. “Utambana vidole.”

Kesho yake alingoja Kananu aende shuleni kwake kufundisha. Mchana mweupe, alibandua mipira, akasema Baba Yetu, akakishindilia kifuniko kwa uzito wote wa mwili. Kilifunga. Ndani ya mbao kitu kilivunjika, kidogo, kama kijiti kikavu.

Muda si muda Kananu alirudishwa nyumbani na mwalimu mwenzake. Vidole vinne vya mkono wa kushoto vilikuwa vyeusi, vimevimba, mfano wa vilivyobanwa na mlango. Alikuwa amesimama katikati ya darasa, alisema mwalimu huyo. Hakukuwa na mlango karibu.

Peterson alilia. Kisha akachukua bisibisi, akairudisha mipira yake ya bluu, akapima kwa kadi kulia na kushoto.

Jumamosi basi la Meru liliondoka. Sanduku la Kananu liko tupu juu ya kabati. Kila adhana ya magharibi mkewe huvuta kiti chake mbele ya piano, huketi ukingoni upande wa kulia, akamwachia mwenzake nafasi. Peterson husimama mlangoni na chai inayopoa, asithubutu kumwita. Alitaka mkewe abaki Garissa.

Amebaki.