Ukurasa wa Februari

Ukurasa ulikuwa umekatwa kwa wembe, karibu kabisa na mshono. Kilichobaki ni kipande chembamba kama utepe, chenye herufi za mwanzo wa mistari, kwa wino uliogeuka rangi ya kahawia.

Inspekta Dorcas Maddrey wa ofisi ya sherifu alivaa glavu, akainama juu ya meza. Mbele yake palikuwa na kitabu cha hati za ardhi cha kaunti yetu ya Pellham, Virginia, kilichoandikwa enzi za mfalme wa Uingereza. Vita viwili vilipita hapa na moto mmoja, kitabu kikapona. Kikaja kuumizwa Jumanne, ndani ya chumba chenye kitasa cha namba.

"Nani aligundua?" akauliza.

"Mimi." Aliyejibu ni Nell Overby, mtunza masijala, mwanamke mwembamba wa miaka sitini, macho mekundu kwa kulia. "Jana saa tatu asubuhi. Nilipoona hicho kipande nikafunga kitabu na kupiga simu. Askari wenu akakitia kwenye mfuko wa ushahidi, akaweka lakiri. Hakijafunguliwa mpaka umekuja wewe."

"Nani alikitumia mwisho?"

Bi. Nell alitazama sakafu. "Kwenye rejista ni Mzee Lemuel Pettiford. Jumatatu."

"Yeye ndiye aliyekuwa anautafuta ukurasa huu?"

"Yeye. Lakini Inspekta, yule mzee hakati hata ua la mtu."

Inspekta aliinama tena. Alikagua mkato kwa kioo cha kukuzia. Ulikuwa umenyooka, wa mtu aliyetumia rula. Alama za vidole hazikuwa na maana hapo. Kitabu kimeshikwa na nusu ya kaunti. Akatoka nje kwenye korido.

Mzee Lem alikuwa ameketi kwenye benchi, kofia magotini. Alikuwa mkulima wa tumbaku mpaka mgongo ulipomshinda, mweusi, mrefu, miaka sabini na sita. Sherifu alikuwa amemwambia asitoke kwenye kaunti. Kana kwamba alikuwa na pa kwenda.

"Mzee Lem, unajua kwa nini niko hapa."

"Najua. Mmetafuta mwizi, mkaona mzee amekaa karibu."

"Una wembe?"

"Wa kunyolea, uko nyumbani. Na kama unavyoniona kidevu, hata huo siutumii siku hizi."

"Jumatatu ulikuwa na kitabu kwa muda gani?"

"Dakika kumi. Saa sita masijala inafungwa. Wakubwa walipunguza saa za watu kusoma, ila saa zao za chakula cha mchana hawajazigusa. Nikaambiwa nirudi kesho yake. Nikarudi, nikakuta polisi."

"Huo ukurasa ulikuwa wa nini?"

"Wa kumzikia mke wangu, binti."

Basi akaeleza, na Inspekta akaandika. Mkewe, Ardelia, alikuwa amefariki siku kumi na moja zilizopita. Mwili ulikuwa bado kwenye friji ya nyumba ya mazishi. Akina Pettiford wote wanazikwa mahali pamoja, kwenye nusu ekari juu ya kijito cha Buckskin. Shamba lenyewe waliliuza zamani mno, lakini makaburi hawakuyauza. Sasa kaunti imelinunua shamba, imeweka uzio, na imemwambia mzee alete karatasi ya kuthibitisha kuwa makaburi ni yao. Asipoleta kabla ya baraza kupiga kura Alhamisi saa sita mchana, uwanja unakabidhiwa kampuni ya maghala, mifupa ihamishwe.

"Nakala ya kitabu iko Richmond, kwenye nyaraka za jimbo," akasema Inspekta.

"Iko. Nimeiomba. Wamesema wiki sita." Mzee alizungusha kofia. "Mimi naweza kungoja wiki sita, nimezoea kungojeshwa. Yeye nitamwambia nini?"

"Ulijuaje kwamba hati ipo?"

"Kwa kodi." Akatoa daftari la shule lililojikunja. "Miaka kumi na mmoja nazifuata orodha za kodi. Mzee wetu wa kwanza alikuwa mwanamke, Keziah Pettiford, mweusi aliye huru, na ardhi yake mwenyewe. Wanawake weupe hawakulipa kodi ya kichwa. Yeye walimtoza, kwa rangi yake. Walitaka kumkamua. Kumbe kila walipomkamua walimwandika jina. Angalia hapa: mwaka huu yuko peke yake. Mwaka huu yuko na Amos, maana yake mtoto ametimiza miaka kumi na sita, naye anatozwa. Mwaka huu hana ardhi tena. Basi nikajua ameuza. Nikaenda kwenye faharasa, nikakuta: Pettiford kwa Rudd, kikao cha mahakama cha Februari 1750."

Mbele ya hiyo tarehe alikuwa ameandika kwa penseli: *yaani 51 yetu*.

Inspekta aliisoma mara mbili, hakuielewa. Yeye alikuwa askari wa wizi wa magari na ugomvi wa walevi. Lakini alikuwa na tabia moja ambayo wakubwa wake hawakuipenda: asichokielewa, alikiuliza.

Akarudi masijala na daftari mkononi.

"Bi. Nell, nifundishe kama mtoto. Mnajuaje kwamba uliokatwa ni ukurasa wa Mzee Lem?"

"Faharasa ya zamani inataja mwezi na mwaka wa mahakama tu, haitaji ukurasa. Imesema Februari 1750. Na hapa, tazama, nyuma ya kipande kuna Januari, mbele kuna Machi. Kwa hiyo kilichokatwa ni Februari."

"Na hii 'yaani 51 yetu' ni nini?"

"Aa, hiyo." Bi. Nell alipangusa pua, akaingia kwenye sauti ya mtu anayeijua kazi yake. "Zamani hizo mwaka mpya haukuanza Januari. Ulianza tarehe ishirini na tano Machi. Kwa hiyo Februari yao ilikuwa karibu na mwisho wa mwaka, si mwanzo. Baada ya Desemba 1750 inafuata Januari 1750, halafu Februari 1750. Sisi leo tungeiita 1751. Kuna makarani walioandika miaka yote miwili kwa pamoja, wakaitenganisha kwa mkwaju. Kama huyu. Hapa juu ameandika Januari 1749/50, kwa hiyo Februari iliyokatwa ni ya..."

Mkono ulibaki hewani.

"Ya nini?" akauliza Inspekta.

"Ya 1749/50." Bi. Nell alikuwa amepauka. "Siyo yenyewe. Inspekta, niliona kipande nikachanganyikiwa, sikusoma hata kichwa cha ukurasa. Hii ni Februari ya mwaka uliotangulia."

"Ya Mzee Lem iko wapi?"

Bi. Nell alikigeukia kitabu. Alivaa glavu na kufunua, taratibu, jani kwa jani. Juni. Septemba. Desemba 1750. Januari 1750/51.

Februari 1750/51 ilikuwepo, nzima, na doa la mshumaa pembeni.

Alisoma kwa kufuata mistari kwa ncha ya penseli bila kuigusa karatasi. Keziah Pettiford anamuuzia John Rudd ekari mia moja na ishirini. Isipokuwa nusu ekari walipolala wafu wake. Hiyo hauzi. Yeye na warithi wake watazikwa hapo milele, na watapewa njia ya kupita.

Bi. Nell aliketi kwenye kiti kama mzigo uliokatwa kamba. "Nimwite Mzee?"

"Mwite. Muonyeshe, mwandikie nakala, igonge muhuri. Lakini asitoke humu, na wewe usimwambie mtu mpaka nirudi." Inspekta alifunga daftari lake. "Swali moja. Kila anayefanya kazi na vitabu hivi anajua habari ya mwaka kuanza Machi?"

"Wiki ya kwanza tu unaijua. Usipoijua unachekwa."

"Kwa hiyo aliyekata alijua anatafuta Februari 1750, lakini hajawahi kufanya kazi humu. Nani mwingine uliyemtajia tarehe hiyo?"

Bi. Nell alifikiri. Halafu akaonekana kutaka asingeulizwa.

"Kuna amri tangu masika. Kila anayeomba nakala yenye muhuri, natakiwa kumwandikia Msimamizi wa Kaunti. Jumatatu mchana nilimwandikia. Jina, hati, tarehe, na sababu ya kuomba."

"Kitasa kinaweka kumbukumbu ya namba?"

Kilikuwa kinaweka. Bi. Nell alichapa orodha. Jumanne, saa moja na dakika kumi na mbili asubuhi, masijala ilifunguliwa kwa namba ya watu wa ghorofa ya tatu, inayoishia na nne moja, ikafungwa dakika kumi na nane baadaye.

Ghorofa ya tatu kuna zulia. Grant Tolliver, Msimamizi wa Kaunti, alikuwa na ofisi yenye madirisha mawili na picha zake akikata utepe. Alikuwa mtu wa miaka hamsini, meno meupe, mkono mwepesi wa kusalimiana.

"Inspekta, karibu. Nimesikia habari ya kitabu. Inasikitisha. Kumbe yule mzee alikuwa na shida kiasi hicho."

"Umeingia masijala hivi karibuni?"

"Mimi? Mwaka mzima sijakanyaga. Vumbi lile linanikohoza."

"Namba ya nani inaishia na nne moja?"

Tolliver alitabasamu kidogo zaidi ya ilivyotakiwa. "Yangu. Kwa nini?"

"Ilifungua masijala jana saa moja na dakika kumi na mbili."

"Ah, jana. Kweli. Nilikwenda kuangalia unyevu. Paa linavuja upande ule."

"Ulikohoa?"

"Nini?"

"Vumbi."

"Ulikaa humo dakika kumi na nane," akasema Inspekta. "Unyevu ulikuwa mwingi. Bwana Tolliver, una haki ya kunyamaza, na ya kuwa na wakili. Utakachosema kitaandikwa. Umeelewa?"

"Nimeelewa. Na nakuambia huna kitu. Ukurasa haupo, na mtu pekee aliyeuomba ni yule mzee."

"Ukurasa upo."

"Haupo."

"Upo chini, unapigwa muhuri sasa hivi. Ulikata mwingine."

Akamweleza habari ya mwaka na Machi. Alieleza vibaya, akarudia, akahesabu miezi kwa vidole. Tolliver alisikiliza huku rangi ikimtoka usoni, kuanzia masikioni.

"Unaweza kungoja hati ya upekuzi," akasema Inspekta. "Hakimu yuko jengo hili hili. Au unaweza kunipa."

Saa ya ukutani ilisogea. Mwishowe Tolliver alivuta droo ya chini, akatoa bahasha kubwa. Ndani yake, katikati ya kadibodi mbili, karatasi ya kahawia ilikuwa imelala salama.

"Sikuiharibu," akasema kwa sauti ndogo. "Ningeirudisha baada ya kura."

"Uliisoma?"

"Nani anaisoma miandiko ile? Niliona Februari, niliona hamsini, nikakata."

Baadaye Bi. Nell aliisoma. Ilikuwa kumbukumbu ya bwana mmoja aliyekuja mahakamani kusajili alama za masikio ya nguruwe wake: la kushoto lina pengo, la kulia limetobolewa.

"Kwa nini?" akauliza Inspekta.

Tolliver aliegemea kiti. "Mwaka jana mpima ardhi aliniambia kuna makaburi. Aliniandikia. Nikaiweka barua kando. Nikawaambia baraza uwanja ni safi. Niliapa, Inspekta, mbele ya watu wote. Nikawaambia na kampuni. Kila mwezi nikasema nitarekebisha mwezi ujao. Halafu Jumatatu ikaja barua ya Nell. Hati ipo. Kesho angesimama mbele ya baraza na karatasi mkononi, na mimi niko pale pale mbele. Nilitaka siku tatu tu."

"Na mzee akamatwe."

"Sikufikiri atakamatwa. Nilifikiri mtasema kitabu ni kizee."

"Ulijua mkewe hajazikwa?"

"Ilikuwa kwenye barua ya Nell."

"Hicho ndicho nilichotaka kujua," akasema Inspekta, akaandika. Tolliver alisoma maelezo yake ya kukiri, akatia saini kila ukurasa. Walishuka kwa ngazi za nyuma, bila pingu, kwa kuwa wakubwa hushushwa hivyo. Mzee Lem asingepewa ngazi za nyuma.

Chini, mzee alikuwa ameketi mbele ya kitabu, mikono magotini. Hakuwa na miwani; Bi. Nell alikuwa amemsomea mara tatu, na sasa alikuwa anamsomea ya nne.

"Mzee Lem," akasema Inspekta, "huna kesi. Mwenyekiti wa baraza amepigiwa simu. Ameona nakala. Kura ya kesho imefutwa, na lango la uzio litafunguliwa leo jioni."

Mzee aliitikia kwa kichwa. Akaitikia tena. Halafu mabega yakashuka, pumzi ikamtoka ndefu, na Bi. Nell akamsogezea maji.

"Pole, Mzee," akasema Inspekta. "Kwa yote."

"Haya. Umeuliza, binti. Wengine huwa hawaulizi." Akapangusa uso kwa kofia. "Simu iko wapi?"

Bi. Nell alimpigia namba, akampa mkono wa simu. Yeye na Inspekta walisikia sauti ya kijana wa nyumba ya mazishi upande wa pili.

"Ni Lem Pettiford. Mwandae mke wangu. Jumamosi, saa nne asubuhi."

"Tumpeleke makaburi ya kaunti, mzee?"

"Hapana. Kwetu, Buckskin."

"Lakini hapa pameandikwa bado kibali. Nani ameidhinisha?"

"Keziah."

"Keziah wa ofisi gani?"

Mzee Lem alicheka, kicheko kifupi, cha kwanza baada ya siku kumi na moja.

"Andika tu, kijana," akasema. "Keziah Pettiford. Muhuri ninao."